SOMO: Unganisha LibreOffice na MySQL, makarani wote waandike sehemu moja

Wadau salaam. Ofisi nyingi za mizigo hapa Mwanza, hasa wanaopokea dagaa na sangara pale Mwaloni Kirumba, hesabu ziko kwenye faili linalozunguka na fleshi, karani wa asubuhi ana lake wa jioni ana lake, bosi akiuliza zimetoka gunia ngapi anapewa majibu mawili. Dawa ni data ikae kwenye seva moja ya MySQL (programu ya kutunza databesi), na LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, iwe dirisha tu la kuandikia na kusomea.

Hatua ya 1: seva. Chagua kompyuta moja, ipe IP (anwani yake kwenye mtandao) isiyobadilika, mfano 192.168.1.10, halafu weka XAMPP, kifurushi cha bure chenye programu za seva. Ndani yake siku hizi kuna MariaDB, ni mtoto wa MySQL aliyejitenga 2009, kwa kazi yetu amri ni zilezile. Fungua phpMyAdmin (ukurasa wa kusimamia databesi unaokuja na XAMPP), sehemu ya SQL, andika:

CREATE DATABASE mzigo CHARACTER SET utf8mb4;
CREATE TABLE mzigo.mapokezi (id INT AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY, tarehe DATE, mteja VARCHAR(80), aina VARCHAR(30), gunia INT, kilo DECIMAL(10,2), bei INT);

Hatua ya 2: yuza wa karani. Hapa ndipo watu wanapenda njia ya mkato, kila mtu anaingia na root, yuza mkuu mwenye ruhusa zote, na kwenye XAMPP root haina hata paswedi. Usifanye hivyo ndugu yangu.

CREATE USER 'karani'@'192.168.1.%' IDENTIFIED BY 'weka_paswedi_yako';
GRANT SELECT, INSERT, UPDATE ON mzigo.* TO 'karani'@'192.168.1.%';

Umeona DELETE sijaiweka, makusudi kabisa. Karani aandike, arekebishe, ila kufuta mzigo wa mtu asiweze. Na hiyo root ipe paswedi leo leo.

Hatua ya 3: Base. Kwenye kompyuta ya karani fungua LibreOffice Base, chagua Connect to an existing database, kisha MySQL/MariaDB, kisha Connect directly. Njia hii haihitaji Java, ndo maana naipenda. Jina la databesi mzigo, seva 192.168.1.10, poti 3306, yuza karani, weka tiki kwenye Password required. Bonyeza Test Connection, ikikubali endelea, na kubali kuisajili databesi maana bila hivyo Calc (programu ya majedwali ya LibreOffice, kama Excel) haitaiona. Ikigoma angalia kwanza firewall ya Windows kwenye seva kama imefungua 3306.

Hatua ya 4: Calc. Bonyeza Ctrl+Shift+F4, databesi zinatokea juu, buruta tebo ya mapokezi mpaka seli A1. Ukitaka data mpya nenda Data halafu Refresh Range. Kuandika andikia Base, ukibadilisha namba ndani ya Calc seva haijui kitu.

Kingine, faili la .odb unalosevu halina mzigo wowote ndani, lina anwani ya seva na fomu na kweri (maswali ya kuchuja data) zako tu. Mtu anakopi .odb kwenye fleshi anajua ana bakapu kumbe kabeba ufunguo nyumba kaiacha. Bakapu yenyewe ni hii, andika kwenye dirisha la amri la seva kila jioni:

mysqldump -u root -p mzigo > mzigo.sql

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Igoma: Mkuu mimi natumia Ubuntu, Base siioni kabisa.
Jibu: sudo apt install libreoffice-base libreoffice-sdbc-mysql. Na kama seva yako nayo ni Ubuntu, badilisha bind-address (mpangilio wa anwani ambayo seva inasikiliza), inakuja 127.0.0.1 kwa hiyo inajisikiliza yenyewe tu.

Dada wa Musoma: Kaka asante, nimeunganisha tebo yangu ya zamani inafunguka ila haikubali kuandika, na ruhusa nimempa zote.
Jibu: Haina primary key hiyo dada, yaani safu inayotofautisha kila mstari na mwingine. Base bila primary key inakusomea tu. Ongeza safu ya id kama kwenye hatua ya 1.

Fundi Sengerema: Bosi hataki kusikia LibreOffice, anataka Excel yake.
Jibu: Inawezekana, weka draiva ya MySQL Connector/ODBC. Angalia tu Office ni biti ngapi, kama ni 32 draiva iwe ya 32 hata kama Windows ni 64, hapo wengi wanakwama wanalaumu paswedi.

Mdau wa Nansio: Niko Ukerewe, seva iko Mwanza mjini. Nifungue poti 3306 kwenye ruta?
Jibu: Hapana mkuu, utakaribisha wezi wa dunia nzima. Kama kwenye seva kuna SSH (njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali) pitia humo: ssh -L 3307:127.0.0.1:3306 halafu yuza@anwani ya seva. Kwenye Base andika seva 127.0.0.1 poti 3307. Ila tengeneza na 'karani'@'localhost' umpe ruhusa zilezile, maana ukipita njia hiyo seva inakuona kama umekaa palepale ilipo, yule wa 192.168.1 atakataliwa.