Gemu ya kujifunzia ikimshinda mtoto, anza na mipangilio ya tableti

Kama una mtoto mwenye mtindio wa ubongo na gemu ya hesabu au kusoma inamshinda, usiifute kwanza. Ingia kwenye mipangilio ya tableti, sehemu ya ufikivu (Accessibility). Kwenye Android utakuta muda wa kugusa na kushikilia: urefushe, ili kidole kinachochelewa kuondoka kwenye kioo kisichukuliwe kuwa kimetoa amri nyingine. iPad inaweza hata kupuuza miguso inayojirudia, yaani mkono unaotetemeka haujibu swali mara tatu kwa mpigo. Halafu ibandike gemu kwenye skrini, yaani tableti ifunge kila kitu kingine ibaki gemu hiyo tu, asitoke kwa bahati mbaya, na tableti ilale mezani juu ya kitu kisichoteleza. Kipande cha mpira kinatosha.

Saa inayohesabu kurudi nyuma izimwe. Haizimiki? Tafuta gemu nyingine, maana hapo anapimwa kasi ya mkono, si hesabu. Mwenye usonji mara nyingi husumbuliwa zaidi na muziki na vimulimuli vya pongezi. Kwa kiziwi, hakikisha maelekezo hayatoki kwa sauti tu.

Kwa gemu za Kiswahili, jaribu programu ya Kitkit School. Ilifanyiwa majaribio vijijini Tanga, na mwaka 2019 ikashinda Global Learning XPRIZE, shindano la kimataifa la programu za kujifunzia, pamoja na shirika la onebillion. Waanzilishi wa Enuma, kampuni iliyoitengeneza, ni wazazi wa mtoto mwenye mahitaji maalumu. Kaa naye mara ya kwanza, lakini usimshike mkono, mwache akosee.