Tetea au jogoo? Kuwatambua vifaranga wa kienyeji na kuwatafutia makao majogoo wa ziada

Mwaka juzi nilimuuzia jirani matetea kumi wa wiki tano. Mwezi na nusu baadaye akanipigia simu alfajiri. Hata salamu hakutoa, aliisogeza tu simu bandani nisikie mwenyewe. Watatu wanawika! Nikawabadilisha bila ubishi, na tangu hapo siuzi tetea kabla ya wiki ya nane.

Hatua ya 1: Wa siku moja muache. Utaambiwa yai lililochongoka hutoa jogoo, au uning'inize sindano juu ya kifaranga uone inavyozunguka. Ni kubahatisha tu, na kwa kuwa karibu nusu ya vifaranga huwa madume, mbahatishaji hupatia mara nyingi za kutosha kujiita fundi. Kupima urefu wa manyoya ya bawa kunafaa kwa kuku waliozalishwa maalumu kwa njia hiyo. Kuku wa mayai wa kahawia ndio rahisi: majike huanguliwa na rangi ya kahawia, madume ya njano iliyopauka. Wa kienyeji hawana fadhila hiyo. Kumfunua sehemu ya haja ni kazi ya waliosomea, ukimminya vibaya unamuua.

Hatua ya 2: Weka alama. Wiki ya tatu, mfunge uzi wa rangi mguuni kila unayemshuku. Ulegeze kila wiki, maana mguu hunenepa haraka na uzi hukata nyama.

Hatua ya 3: Tazama upanga, ile nyama ya utosini, wiki ya 5 hadi ya 8. Watoe nje kwenye mwanga wa asubuhi, ulinganishe walioanguliwa siku moja. Upanga wa dume huwa mpana na mwekundu, na ndevu zimeanza kushuka; wa tetea bado ni mdogo, umepauka. Miguu ya dume pia ni minene. Ila ukiwa na damu ya Kuchi, aina mojawapo ya kuku wa kienyeji, bandani, upanga usiutegemee: hata jogoo wao mzima ana upanga mdogo uliolala. Hao wasubiri hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Shika manyoya ya kiunoni, wiki ya 10 hadi ya 12. Mpakate kuku, pekua pale mgongo unapokutana na mkia. Unyoya wa tetea una ncha ya mviringo kama kucha. Wa jogoo ni mwembamba, umechongoka, unang'aa. Hapa sijawahi kukosea.

Hatua ya 5: Chagua wa kubaki. Jogoo mmoja anatosha matetea 8 hadi 10. Majogoo wakizidi, matetea hunyonyoka mgongo kwa kupandwa ovyo. Na kama unataka mayai ya kula tu, huhitaji jogoo hata mmoja. Matetea watataga vilevile.

Hatua ya 6: Waondoe wakiwa mapora, yaani majogoo wachanga, kabla ya kuanza kupigana. Mimi huanza na wafugaji wenzangu wa mbali kidogo: nampa jogoo wangu, ananipa wake, na hakuna anayepanda binti zake. Wanaobaki nawalisha vizuri hadi karibu na Idi au Krismasi, bei inapopanda. Wa kugawa bure, namuuliza mtu kwanza: una banda, au unataka kitoweo? Majibu yote mawili ni sawa, nataka tu nijue. Kuna pia wanaotafuta jogoo mwekundu asiye na doa. Hao siwaulizi.

Hakikisha wamepata chanjo ya kideri angalau wiki mbili kabla ya kuondoka, na umkumbushe mpokeaji kuirudia kila miezi mitatu ikiwa ni ya matone ya jicho. Wasafirishe kwa tenga jua likiwa chini, si kwa kuwaning'iniza kichwa chini kwenye bodaboda. Mgeni akae peke yake wiki mbili, kisha aingizwe bandani usiku, wenyeji wakiwa wamelala. Asubuhi watazozana kidogo, lakini si kama ukimtupa mle saa sita mchana.