Kupunguza umeme na mkaa katika mtaa wa Ng'ambo, Zanzibar: anza na mita, kisha paa

Kamati nyingi za mtaa huanza na sola. Sola ni kazi ya mwisho, kwa sababu ukubwa wake unategemea umeme utakaobaki baada ya kurekebisha majengo. Kwanza jua umeme unakwenda wapi.

Usichore kila nyumba. Gawa mtaa kwa aina: fleti za zege kama za Michenzani na Kikwajuni, nyumba za chini zenye mabati, maghorofa mapya, na maduka. Visiwa vyote viwili, Unguja na Pemba, vilipigwa picha za droni katika mradi wa Zanzibar Mapping Initiative ulioanza 2016, na michoro ya majengo hufunguka katika QGIS, programu ya ramani ya bure. Kwa kila jengo andika eneo la paa, idadi ya ghorofa na uelekeo. Uelekeo usiuruke: fleti mbili za ramani moja, kuta ndefu za moja zikitazama kaskazini na kusini na za nyengine mashariki na magharibi, hazipati joto sawa, maana jua la asubuhi na la alasiri huingia dirishani likiwa chini.

Halafu mita. Risiti za TUKUZA, umeme wa kulipia kabla, zinaonyesha siku mtu aliyopata pesa, hazionyeshi siku aliyotumia umeme. Kwa hiyo soma mita yenyewe kila tarehe mosi, nyumba kumi hadi kumi na tano kwa kila aina, miezi kumi na miwili. Toa wastani wa Juni hadi Agosti kutoka wastani wa Januari hadi Machi. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa ni feni, viyoyozi na friji zinazohangaika na joto. Angalia mtego mmoja: miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, na saa za kupika, taa na friji hubadilika. Mwezi huo uweke pembeni, uufanyie ratiba yake. Andika pia saa za umeme kukatika, la sivyo utadhani watu wamebana matumizi.

Sasa tengeneza modeli ya nyumba moja kwa kila aina katika EnergyPlus, programu ya kukokotoa nishati ya jengo, au hata jedwali la Excel, kisha zidisha kwa idadi ya nyumba. Linganisha na usomaji wa mita kwa jumla ya jengo au transfoma, si kwa nyumba moja moja. Kipimo cha ASHRAE Guideline 14, mwongozo wa chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, kwa data za mwezi ni kosa la wastani lisilozidi asilimia 5 na mtawanyiko usiozidi asilimia 15. Ukikosa, usikimbilie kubadilisha unene wa ukuta. Mara nyingi kosa liko kwenye saa za kiyoyozi: modeli inakiwasha mchana kutwa, mwenye nyumba anakiwasha saa tatu usiku.

Paa ndipo penye faida. Unguja jua hupita utosini karibu na tarehe 5 Machi na 8 Oktoba, na paa hulibeba karibu lote. Hesabu ya haraka: jua la wati 950 kwa mita ya mraba, zege kuukuu jeusi linanyonya asilimia 75, hewa inaondoa wati 20 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi. Juu ya paa ni kama hewa imeongezeka nyuzi 35. Chokaa mpya, inayonyonya asilimia 25, inaishusha nyongeza hiyo hadi 12. Zege la sentimita 15 hupitisha kama wati 3 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi, hivyo fleti ya juu yenye mita za mraba 80 inaepuka takriban kilowati 5.5 kwenye kilele. Zege huchelewesha joto na kulainisha kilele hicho, lakini hata nusu yake ni sehemu kubwa ya kilowati 3.5 za ubaridi zinazotolewa na kiyoyozi cha BTU 12,000. Kuchelewa huko ndiko kunakofanya chumba kichemke wakati wa magharibi, watu wakirudi nyumbani.

Ziba nyufa kwanza, osha kuvu, lowesha. Ndoo moja ya chokaa iliyozimwa kwa mbili za maji, ilale usiku, ichujwe, ipakwe nyembamba mara tatu, siku moja kati ya kila mkono. Vaa miwani na glavu. Mafundi wengine hutia chumvi ili ishike. Juu ya zege lenye nondo usikubali, chumvi inaozesha nondo. Baada ya masika paa litaota weusi, kwa hiyo kwenye modeli tumia asilimia 40, si 25.

Kivuli cha dirisha la urefu wa mita 1.2: sentimita 40 upande wa kusini, 70 kaskazini. Mashariki na magharibi bapa la juu halisaidii. Weka luva au chiki.

Mji Mkongwe ni hesabu nyengine. Kuta nene za mawe na chokaa hupumua. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani na plasta inabanduka. Na kibali cha mamlaka ya hifadhi kinatangulia.

Kiyoyozi kinunuliwe baada ya paa. Kikubwa mno huzima haraka kabla ya kukausha hewa, chumba kikawa baridi na kinata. Gesi ya ndani ya kiyoyozi nayo ihesabiwe: kilo moja ya R-410A ikivuja ni sawa na takriban tani mbili za kaboni dioksidi, R-32 ni kama theluthi yake. Mkaa wa jikoni nao uingie kwenye jedwali: pima gunia kwa mizani, maana magunia hayalingani.

Ndipo sola. Mwinamo nyuzi 10 kuelekea kaskazini, boliti za chuma cha pua daraja la 316 kwa sababu ya chumvi ya bahari, na mhandisi akague paa lenye matangi. Ianze na mzigo wa pamoja, pampu na taa za ngazi, kwani kugawana umeme kati ya mita za watu huzua ugomvi. Endelea kusoma mita zilezile miezi kumi na miwili mengine, ukilinganisha Februari na Februari.