Namna ya Kutafuta Mtandaoni Taarifa za Jiolojia na Mazingira ya Kisiwa cha Ngazija

Anayeandika jina la Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, au la Karthala, mlima wake wa volkano, katika mtambo wa kutafutia hukutana kwanza na kurasa za utalii, maelezo yanayonakiliwa kutoka tovuti moja hadi nyingine, na picha za moshi zisizo na tarehe. Taarifa zenye uzito zipo, na nyingi ni za bure, lakini zimetawanyika katika hifadhi za Washington, Paris, Réunion na Moroni, na sehemu kubwa yake imeandikwa kwa Kifaransa. Kwa mwanafunzi, mwalimu au mwandishi wa habari anayetaka kukielewa kisiwa hiki bila kupotea, napendekeza aanze na tarehe za milipuko, kisha aende nazo katika kila hifadhi anayoifungua. Picha za setilaiti, ripoti za misaada na taarifa za wachunguzi wa volkano hupangwa kwa tarehe, ilhali majina ya mahali hubadilika kulingana na aliyeandika.

Mahali pazuri pa kuzipata tarehe hizo ni tovuti ya Global Volcanism Program, mradi wa Taasisi ya Smithsonian ya Marekani. Kila volkano imepewa namba ya tarakimu sita isiyobadilika hata jina likiandikwa kwa tahajia nyingine, na namba ya Karthala ni 233010. Ukurasa wake una muhtasari, orodha ya milipuko inayojulikana, na chini yake ripoti zilizotumwa wakati matukio yenyewe yalipokuwa yakiendelea. Wasomaji wengi huishia kwenye muhtasari, na hapo hupoteza sehemu bora, kwa kuwa ripoti za chini ndizo zinazoeleza nani aliona nini, majivu yalielekea upande gani na matetemeko yalianza lini. Soma sehemu hiyo kwa utulivu, kisha tengeneza jedwali lako lenye tarehe, aina ya mlipuko, mahali ulipotokea na chanzo cha habari.

Jedwali hilo litaonyesha upesi kwamba mlima huu hauna tabia moja. Aprili 1977 lava ilitoka katika ubavu wa kusini-magharibi ikafukia sehemu kubwa ya kijiji cha Singani. Julai 1991 ulitokea mlipuko wa mvuke katika kasoko (shimo la volkano) ya Chahalé, juu kabisa ya mlima, bila lava mpya kububujika. Aprili na Novemba 2005 majivu yalifunika vijiji vingi, na Mei 2006 kukaonekana ziwa la lava ndani ya kasoko. Mlipuko mfupi ukafuata Januari 2007. Kwa milipuko ya karne ya 19 uwe mwangalifu zaidi, kwani kumbukumbu zake hutegemea mabaharia na wageni waliouona mlima kwa mbali, na orodha yenyewe huweka alama pale ambapo tukio halina uhakika.

Ukishakuwa na tarehe, shughulikia majina. Kisiwa hiki huandikwa Ngazija, Ngazidja, Njazidja, Grande Comore na Grand Comoro; mlima huandikwa Karthala, Kartala na, katika maandishi ya zamani, Carthala. Weka kila jina ndani ya alama za kunukuu, unganisha mawili au matatu kwa neno OR la herufi kubwa, kisha ongeza mwaka na neno la mada kwa Kifaransa: éruption kwa mlipuko, coulée de lave kwa mtiririko wa lava, cendres kwa majivu, eau souterraine kwa maji ya chini ya ardhi. Ukiongeza filetype:pdf, kurasa nyingi za utalii zitapungua na ripoti zitapanda juu. Kuna mtego mmoja hapa ambao huwakamata hata waandishi wazoefu. Takwimu na ramani za kabla ya uhuru wa mwaka 1975 zinapotaja Comores kwa jumla huwa zinajumuisha Mayotte, iliyobaki chini ya Ufaransa, kwa hiyo haifai kuzilinganisha na takwimu za nchi ya Komoro ya leo bila kwanza kutenganisha visiwa.

Kwa utafiti wa kitaalamu, hifadhi ya HAL ya Ufaransa huweka makala ambazo waandishi wenyewe wameruhusu zisomwe bure, na theses.fr huorodhesha tasnifu za udaktari. Mimi huwashauri watu waanze na tasnifu kabla ya makala za majarida, ingawa ni ndefu, kwa sababu huwa na ramani kubwa, historia ya utafiti uliotangulia na majedwali ya vipimo ambavyo jarida halikuwa na nafasi ya kuvichapisha. Hifadhi ya Horizon ya IRD, taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa maendeleo, ina ripoti za zamani kuhusu udongo, maji na kilimo. Kumbuka kwamba hadi mwaka 1998 taasisi hiyo iliitwa ORSTOM, na ripoti nyingi za visiwani humo zinapatikana kwa jina hilo la awali. Gallica, maktaba ya kidijitali ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, inafaa kwa ramani na maandishi ya karne ya 19. Makala ikiwa imefungwa kwa malipo, tafuta kichwa chake kizima katika Google Scholar na ufungue matoleo yote yaliyoorodheshwa chini yake, maana mara nyingi nakala ya bure imewekwa na chuo cha mmoja wa waandishi.

Uangalizi wa mlima wenyewe hufanywa na kituo cha uangalizi wa volkano, Observatoire Volcanologique du Karthala, kilicho chini ya kituo cha taifa cha nyaraka na utafiti, CNDRS, mjini Moroni. Wanaofuatilia volkano za ukanda huu hutazama pia taarifa za kituo cha volkano ya Piton de la Fournaise kilichoko Réunion na za IPGP, taasisi ya fizikia ya dunia ya Paris. Jirani na Ngazija ipo habari ambayo imebadilisha maandishi yote ya jiolojia ya visiwa hivi: Mei 2018 matetemeko mengi yalianza kuitikisa Mayotte, na Mei 2019 wanasayansi waliokuwa baharini wakagundua volkano mpya chini ya maji, kilomita 50 hivi mashariki ya kisiwa hicho, yenye kimo cha mita 800 na zaidi. Mtandao wa REVOSIMA, ulioundwa kuifuatilia, hutoa taarifa za mara kwa mara zinazosomwa bure. Kwa sababu hiyo, kila unaposoma maelezo ya chanzo cha safu ya visiwa vya Komoro, tazama kwanza mwaka wa kuchapishwa. Maandishi ya zamani huwa na uhakika mkubwa kwamba visiwa vilizaliwa na chanzo kimoja cha joto (hotspot) kilicho chini ya bamba la dunia. Mengi ya baada ya 2018 huzungumzia zaidi nyufa na mivutano ya bamba lenyewe, na mjadala haujafungwa.

Sehemu inayomfurahisha zaidi mtafutaji ni picha za setilaiti, na hapa ndipo jedwali lako la tarehe linapolipa. Fungua NASA Worldview, andika tarehe ya Novemba 2005, sogea hadi kaskazini-magharibi ya Madagaska na utazame siku kwa siku; picha zake ni za chembe kubwa na hazionyeshi vitu vidogo, lakini zinafaa kuona wingu la majivu na mwelekeo wa upepo. Ukihitaji kuuona mlima kwa karibu, EarthExplorer ya USGS, shirika la jiolojia la Marekani, ina hifadhi ya picha za setilaiti za Landsat inayoanzia mwaka 1972, na hupakuliwa bure baada ya kujisajili. Picha za Landsat 7 za baada ya Mei 2003 zina mistari myeusi ya mshazari kwa sababu kifaa kimoja cha setilaiti hiyo kiliharibika. Usiifasiri mistari hiyo kuwa mipasuko ya ardhi. Kwa miaka ya karibuni tumia Copernicus Browser, ambako picha za setilaiti za Sentinel-2 zilizoanza 2015 huonyesha kitu chenye upana wa mita 10. Chagua mpangilio wa rangi unaotumia mawimbi mafupi ya infraredi, kwani mitiririko ya lava ya vipindi tofauti hutengana vizuri zaidi humo, na mimea inayoota juu ya lava ya zamani huonekana waziwazi. Kilele hufunikwa na mawingu mara nyingi, kwa hiyo weka kichujio cha mawingu chini ya asilimia 20 na uanze na miezi ya kiangazi, kati ya Mei na Oktoba.

Katika mazingira, anza na maji, kwa kuwa ndiyo yanayofungamana zaidi na mwamba. Ngazija haina mito ya kudumu licha ya mvua nyingi, kwani lava changa ina matundu na nyufa, na maji huzama moja kwa moja. Vijiji vingi hutegemea matangi ya maji ya mvua, na visima vya pwani huweza kuwa na chumvi. Kutokana na hilo, majivu ya 2005 yaligeuka kuwa janga la maji ya kunywa. Ukiingia katika ReliefWeb, hifadhi ya Umoja wa Mataifa ya ripoti za maafa, ukichagua Komoro na miezi ya Aprili na Novemba 2005, utasoma jinsi matangi yalivyochafuliwa na misaada ilivyopangwa. Idadi ya walioathirika hutofautiana kati ya ripoti na ripoti. Chukua ya mwisho kwa tarehe, na uitaje tarehe hiyo unapoinukuu.

Kwa viumbe, Orodha Nyekundu ya IUCN, inayoonyesha viumbe vilivyo hatarini kutoweka, na kanzidata ya BirdLife zitakupa hali ya ndege wasiopatikana kwingine duniani, kama vile bundi mdogo Otus pauliani na ndege mdogo Zosterops mouroniensis, anayeishi katika vichaka vya juu ya Karthala pekee. GBIF, hifadhi ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe, huonyesha mahali kielelezo kilipookotwa, ila vielelezo vya zamani huwa na nukta iliyowekwa katikati ya kisiwa kwa kukadiria, kwa hiyo soma sehemu inayoeleza kiwango cha usahihi kabla ya kuchora ramani. Global Forest Watch nayo hupima upotevu wa kifuniko cha miti tangu mwaka 2001, lakini setilaiti haitofautishi vizuri msitu wa asili na shamba la minazi lenye kivuli kizito.

Hifadhi faili zako zikiwa na jina linaloanza na mwaka, na uandike siku uliyozifungua, kwani tovuti za taasisi ndogo huhama au kuzimika; kiungo kilichokufa kijaribu katika Wayback Machine, hifadhi ya nakala za kurasa za zamani. Kile ambacho hukukipata, hasa takwimu za visima na matetemeko, huenda kimo katika makabati ya Moroni, nacho huombwa kwa barua pepe. Iandike kwa Kifaransa kifupi chenye adabu, ukitaja kazi unayoifanya, kipindi kamili cha miaka unachokihitaji, mahali kwa jina la Kingazija na la Kifaransa, na ripoti ambazo tayari umezisoma.