Diski inajaa, majedwali ni madogo: kuona vitu vya mfumo kwenye PostgreSQL

Juzi nilimsaidia dada mmoja anayetunza kanzidata ya chama cha ushirika cha kahawa hapa Moshi. Kanzidata hiyo inaendeshwa na programu ya PostgreSQL. Diski ya seva ilikuwa ukingoni kujaa, ila kila jedwali alilolipima kwa `pg_relation_size` (amri ya kupima ukubwa wa jedwali) lilionekana dogo. Tulipita njia hii kutafuta vitu vya mfumo, yaani vile ambavyo PostgreSQL hujitengenezea yenyewe na kwa kawaida havionyeshwi.

1. Kwenye pgAdmin 4 (programu ya kusimamia PostgreSQL kwa madirisha na menyu) ingia Preferences, Browser, Display. Washa "Show system objects?", kisha pakia upya mti wa kushoto. Skima (makundi ya majedwali) kama pg_toast zitatokea, na ndani ya majedwali utaona safu za mfumo kama ctid na xmin.

2. Ukishaziona, hamia psql, programu ya PostgreSQL ya kuandika amri. Mti wa pgAdmin ni mzuri kwa kutazama, lakini kwa uchunguzi siuamini: umeshachagua kwa niaba yako cha kuonyesha. psql nayo huchagua, tofauti ni kwamba inakubali kusema imechaguaje. Ifungue kwa `psql -E`, andika `\dt` (amri ya kuorodhesha majedwali), na itakuonyesha swali lenyewe inalotuma kwa seva. Humo utakuta pg_catalog, information_schema na pg_toast zimeondolewa.

Hapa ndipo watu hupoteza saa nzima. `\dt` huonyesha tu majedwali ya skima zilizo kwenye search_path, yaani orodha ya skima zinazotafutwa bila kutajwa jina. Kwa hiyo jedwali lako mwenyewe, ulilolitengeneza ndani ya skima ya malipo, linaweza lisionekane ingawa si la mfumo hata kidogo. Usikimbilie kulitengeneza upya; andika `\dt malipo.*` kwanza. `\dtS` nayo haitoshi: inaongeza pg_catalog, lakini pg_toast haimo kwenye search_path, kwa hiyo inabaki gizani. Kwa sababu hiyo iulize seva moja kwa moja kupitia pg_class, orodha yake ya majedwali yote:

```
SELECT c.relname, t.relname,
       pg_size_pretty(pg_relation_size(t.oid))
FROM pg_class c
JOIN pg_class t ON c.reltoastrelid = t.oid
ORDER BY pg_relation_size(t.oid) DESC
LIMIT 10;
```

Safu ya kwanza ni jedwali lako, ya pili ni ghala lake lililofichwa. PostgreSQL huhifadhi data kwa kurasa za kB 8, na mstari mmoja hauruhusiwi kuvuka ukurasa. Mstari ukizidi takriban kB 2, thamani kubwa hubanwa au huhamishiwa kwenye ghala hilo. Picha za vitambulisho vya wakulima zilikuwa zimerundikana humo. `pg_relation_size` haihesabu ghala. Tumia `pg_total_relation_size`, inayojumlisha ghala na faharasa (index).

3. Usiguse chochote ndani ya pg_toast. Futa au hamisha picha kupitia jedwali mama, kisha endesha VACUUM, amri ya kusafisha mistari iliyofutwa. Hiyo huacha nafasi itumike tena na jedwali lilelile. VACUUM FULL ndiyo hurudisha nafasi kwa diski, lakini hufunga jedwali lote na huandika nakala mpya kabla ya kufuta ya zamani. Diski ikiwa imebakiza kidogo kuliko ukubwa wa nakala hiyo, itakwama. Tafuta nafasi kwanza, na fanya usiku makarani wakiwa wameshatoka.

4. Zima swichi ya "Show system objects?" kwenye kompyuta za makarani. Usiichukulie kama ulinzi, maana yeyote mwenye akaunti anaweza kusoma pg_class. Kinacholinda data ni GRANT na REVOKE, amri za kutoa na kuondoa ruhusa.