Mahali pa Kuweka Kizimba cha Sungura Ndani ya Nyumba

Sungura aliyefungiwa kizimbani hana pa kukimbilia. Jua likimfikia, moshi ukimfikia, mbwa akija kunusa waya, yeye yuko palepale ulipomweka. Kwa hiyo mahali pa kizimba pachaguliwe kabla kizimba hakijanunuliwa, tena kwa kupima. Wafugaji wengi hufanya kinyume: hununua kizimba, kisha hutafuta kona iliyobaki tupu. Mara nyingi kona hiyo imebaki tupu kwa sababu hata watu hawapendi kukaa hapo. Iko nyuma ya mlango unaobamizwa, chini ya dirisha la jua kali, au pembeni mwa mashine ya kufulia.

Anza na joto

Sungura hatoki jasho kama mtu. Joto la mwili hulitoa kwa masikio, yenye mishipa mingi ya damu karibu na ngozi, na kiasi kidogo kwa kupumua. Manyoya yanayomkinga na baridi ndiyo hayohayo yanayomwelemea kukiwa na joto. Nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi ndizo zinazomfaa zaidi. Zikipita 25 huanza kupata taabu, hasa aliye mnene, mzee, mwenye mimba au mwenye manyoya marefu, na zikifika 30 maisha yake yako hatarini. Baridi ya kawaida ya ndani ya nyumba haimdhuru, ilimradi pawe pakavu na asipigwe na upepo.

Weka kipimajoto cha chumba sakafuni, mahali hasa unapopakusudia, ukiache siku nzima na ukisome kati ya saa nane mchana na saa kumi jioni. Pima siku ambayo nyumba imefungwa na watu wametoka, maana hivyo ndivyo sungura atakavyoachwa. Chumba kinachoonekana baridi madirisha yakiwa wazi hubadilika kabisa yakifungwa.

Jua nalo lipimwe. Chukua chaki, na saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni chora mpaka wa mwanga wa jua unaoangukia sakafu. Kizimba kikae nje ya michoro yote mitatu, na uache nusu mita zaidi, kwa kuwa jua huhama kadiri miezi inavyopita: pahali penye kivuli leo panaweza kuwa juani baada ya miezi mitatu. Pazia halitoshi. Jua likishapita kwenye kioo, joto lake limeshaingia chumbani. Hata hivyo sungura asiwekwe gizani. Anahitaji mwanga wa mchana wa kutosha na giza usiku, ili ajue wakati wa kula na wa kupumzika.

Kila anayebaki nyumbani na sungura azijue dalili za joto kupita kiasi: anapumua haraka huku pua ikipanuka, masikio yana moto ukiyagusa, mate yanatoka, analala amejinyoosha na hataki kuinuka. Mhamishie mahali penye ubaridi, mlowanishe masikio kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, mpe maji, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimtumbukize kwenye maji ya barafu. Mshtuko wake unaweza kummaliza.

Hewa inusiwe pale anapoinusa yeye

Mkojo wa sungura ukioza hutoa amonia, gesi yenye harufu kali. Mtu aliyesimama huenda asiisikie kabisa, ilhali sungura amelala sentimita chache tu juu ya chanzo chake. Tena yeye hupumua kwa pua. Ukimwona anapumua kwa mdomo, ujue hali ni mbaya. Amonia huunguza utando wa ndani wa pua na kuwafungulia njia bakteria wanaoleta mafua sugu ya sungura: chafya, kamasi nyeupe, na manyoya ya ndani ya miguu ya mbele yaliyogandamana kwa sababu ya kujipangusa. Mafua haya yakishaingia ni kazi ngumu kuyatoa.

Basi piga magoti, shusha uso hadi kimo cha sakafu ya kizimba, na uvute pumzi mara mbili tatu. Ukihisi mkwaruzo puani au machoni, ama usafi umechelewa ama hewa haizunguki. Trei ya choo imwagwe kila siku, au siku moja baada ya nyingine. Kizimba kisibanwe na ukuta: acha sentimita 10 hadi 15 nyuma na ubavuni.

Mzunguko wa hewa si sawa na upepo. Kata kipande chembamba cha karatasi ya chooni, kifunge kwenye kijiti, ukishike mahali kizimba kitakapokaa, feni, kiyoyozi na madirisha yakiwa kama yalivyo kila siku. Karatasi ikitikisika taratibu, ni sawa. Ikivutwa upande mmoja bila kutulia, hapo sungura atapigwa na upepo mchana na usiku. Sogeza mita moja, upime tena. Kiyoyozi na feni vinaruhusiwa chumbani, ila visimwelekee.

Dirisha lililo karibu liwe na wavu wa mbu. Mbu na viroboto hueneza miksomatosi, ugonjwa unaoua sungura wengi na usio na dawa mahususi. Nzi nao hutaga kwenye manyoya yaliyochafuka kinyesi, na mayai huweza kuangua funza kabla siku haijaisha.

Hofu inaua kama ugonjwa

Huu ndio upande unaopuuzwa zaidi. Sungura ni mnyama wa kuwindwa, na mwili wake wote umeumbwa kwa ajili ya kusikia hatari na kukimbia. Akikaa na hofu siku baada ya siku huacha kula, na tumbo lake halivumilii kukaa tupu. Nyasi kavu zinapaswa kupita tumboni karibu wakati wote. Zikikoma, utumbo hulegea, gesi hujaa, na kwa kuwa hawezi kutapika hana njia ya kujipunguzia. Aliyekaa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari leo, si kesho.

Kwa hiyo kizimba kikae kwenye kona, ukuta ukiwa nyuma na ubavu mmoja, ili watu waje kutoka mbele tu na awaone wakija. Katikati ya chumba huwa anachungulia pande zote nne na hapumziki. Ndani weka sanduku la maficho lenye milango miwili, moja ya kuingilia na nyingine ya kutokea. Maficho ya mlango mmoja, akiingiliwa na kitu cha kumtisha, huwa mtego.

Kiweke sakafuni, au kiinue sentimita 10 tu kwa vipande vya mbao ikiwa sakafu ni ya baridi. Juu ya meza si mahali pake. Mifupa ya sungura ni myepesi na miguu ya nyuma ina nguvu nyingi. Akiruka vibaya au kuanguka, uti wa mgongo unaweza kuvunjika. Tena aliye sakafuni hutoka na kurudi mwenyewe, bila kubebwa kila mara.

Kelele ya kawaida ya nyumba huizoea. Asichozoea ni mshtuko: mlango kubamizwa, spika inayotetemesha sakafu, mashine ya kufulia inayoanza kuzunguka ghafla. Redio na televisheni ziwe umbali wa mita 2 au zaidi. Mbwa au paka asipate njia ya kulala mbele ya kizimba, hata akiwa mpole. Sungura hajui kwamba ni mpole.

Chumba kipi?

Katika nyumba nyingi kona tulivu ya sebule ndiyo hushinda. Watu wapo, sungura anawazoea, na akianza kuumwa anaonekana mapema. Jiko halifai: joto hupanda na kushuka, kuna moshi, mvuke wa mafuta na gesi. Bafu na chumba cha kufulia vina unyevu unaoozesha nyasi na kuotesha ukungu. Stoo hufanya sungura asahaulike. Chumba cha kulala kinawezekana kama mlalaji hana pumu wala mzio wa vumbi la nyasi, lakini ajue sungura huchangamka alfajiri na jioni, na saa kumi alfajiri anaweza kuwa anachimba trei kwa bidii. Chumba cha watoto wadogo tungekiacha, isipokuwa mtu mzima awepo kila kizimba kinapofunguliwa.

Nafasi, sakafu na nyaya

Kipimo ni sungura mwenyewe: aruke mara tatu mfululizo, alale amejinyoosha, asimame kwa miguu ya nyuma bila masikio kugusa juu. Kwa sungura mdogo hiyo ni kama sentimita 180 kwa 60, na kimo cha 60. Mkubwa anahitaji zaidi. Hata hapo ni pa kulala na kula tu. Mbele ya mlango pawe na uwanja wa kukimbilia saa kadhaa kila siku, na kama unaweza kuuzungushia uzio mwepesi wa mita 3 kwa 2, afadhali zaidi. Pakikosekana uwanja huo, badilisha kona.

Vigae vinateleza, na miguu ya sungura haina pedi kama ya paka. Tandika zulia la nyuzi fupi au mkeka mzito. Sakafu ya kizimba iwe bapa, si ya waya, kwa kuwa waya huchubua nyayo mpaka zikawa vidonda. Chini ya kizimba weka turubai linalozidi sentimita 30 kila upande, maana mkojo hurushwa. Mabaki meupe yanayoganda ni kalisi. Nusu siki nusu maji, yakiachwa dakika 10, huyalainisha.

Nyaya za umeme ziondolewe zote anapofika, au zipitishwe ndani ya bomba gumu la plastiki. Meno yake ya mbele hukua milimita 2 hadi 3 kwa wiki, hivyo kutafuna ni lazima kwake, na waya mmoja hukatika kwa ng'ato moja. Ukuta wenye rangi ya zamani inayobanduka uepukwe pia, kwani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mimea ya mapambo yenye sumu kama difenbakia na yungiyungi ihamishiwe chumba kingine, isiwekwe juu ya kabati ambako majani yataanguka. Dawa ya kupulizia wadudu isitumike chumba hicho.

Wiki mbili za kwanza

Akishahamia, mpe wiki mbili umtazame. Aliyeridhika hujibwaga ubavu, hujilamba, hula nyasi ukiwa karibu. Asiyeridhika hujikunja kwenye pembe moja, macho yametoka, hupiga mguu chini usiku, au hutafuna waya wa upande uleule. Tazama upande huo una nini: mara nyingi ni mlango, feni au paka. Hesabu vinyesi pia. Vikipungua au kuwa vidogo, hali si shwari.

Ukilazimika kukihamisha, fanya hivyo asubuhi ya siku ambayo utashinda nyumbani. Usisafishe kila kitu kwa pamoja. Hamisha trei ikiwa na sehemu ya nyasi za zamani na sanduku lake la maficho bila kuliosha, ili akute harufu yake mwenyewe, na umwekee nyasi kavu mpya juu ya trei kabla hujamrudisha ndani.