Siku moja Saanane na kwenye mafunjo: namna ya kwenda ukiwa Mwanza

Wageni wanaokuja Mwanza kutoka Dar au Unguja wanauliza sana hili swali, kwamba huku kuna sehemu gani ya kwenda asubuhi na kurudi jioni ukaona wanyama na msitu wa majini kwa mpigo, kama kule msitu wa Jozani Unguja ambako unaangalia kima punju afu ukisogea kidogo uko kwenye mikoko. Mikoko huku hamna ndugu zangu. Mikoko ni ya pwani, kwenye maji chumvi yanayojaa na kupwa, na ziwa letu la Victoria ni maji baridi. Ila tuna mafunjo, yale majani marefu yanayoota majini pembezoni mwa ziwa, na ile kazi mikoko inayofanya pwani huku wanaifanya mafunjo, na wanyama tunao hapa hapa jijini kwenye kisiwa cha Saanane. Vyote viwili unavimaliza siku moja, hulali hoteli na hukodi lendikruza. Naandika hivi kwa sababu watu wengi wanaenda saa sita mchana jua la utosi, wanapiga picha mbili tatu kwenye mawe, wanarudi wanasema Saanane hamna kitu, na inaniuma kwa kweli maana kitu kipo, ila kina muda wake na namna yake ya kukiangalia.

Kwanza ujue unakoenda ili usitegemee tembo. Saanane ndo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Tanzania, kilometa za mraba 2.18 tu na hapo umeshahesabu na maji yanayoizunguka. Jina ni la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa anaishi pale analima na kuvua kabla serikali haijakichukua kisiwa, mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, 1991 kikawa pori la akiba na 2013 kikapanda kuwa hifadhi ya taifa chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Ndo maana unakuta swala pala kisiwani, wale hawakuogelea kutoka bara, ni matunda ya enzi za bustani. Wengine kama pimbi na kenge wako kwao kabisa, haya mawe ndo nyumba yao.

Kuchagua siku: kama unaweza, nenda katikati ya wiki. Wikiendi na sikukuu kunakuwa na vikundi vya wanafunzi na familia, ni jambo zuri tu na watoto wanapaswa kwenda, ila wanyama wanajificha na ndege wanahama upande. Juni mpaka Septemba ni kukavu na mawe hayatelezi. Kipindi cha mvua pia panapendeza, kijani tupu, ila subiri mawe yakauke kabla hujaanza kupanda, jiwe la Mwanza likiloa huwa na utelezi mbaya.

Siku moja kabla pita au piga simu ofisi ya hifadhi, iko Capri Point pale pale boti zinapoanzia, uliza vitu vitatu tu: boti ya kwanza inaondoka saa ngapi, kiingilio na boti ni bei gani kwa mtu kama wewe, na kama kuna muongozaji anayewajua ndege. Malipo ya hifadhi hayapokelewi keshi mkononi, unapewa namba ya malipo unalipia kwenye simu au benki, kwa hiyo hakikisha simu ina hela na ina chaji. Beba kitambulisho cha NIDA, au cha nchi yako kama unatoka Kenya, Uganda na kwingine Afrika Mashariki, maana bei ya mwana Afrika Mashariki na ya mgeni wa nje ziko mbali sana na hutaki kubishana getini bila ushahidi.

Cha kubeba ni kidogo. Raba zenye soli inayoshika, sio ndala na sio viatu vya kisigino, kofia, maji ya kutosha, darubini kama unayo au unaweza kuazima, na kitu cha kutafuna. Kwenye kutafuna mimi nashauri matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) na karanga, havichachi, havivuji, na vinashibisha mpaka mchana. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019 kwa hiyo vitu vyako weka kwenye kikapu au begi. Chakula kifungwe vizuri ndani ya begi lenye zipu, tumbili wa pale wanajua begi ni nini na wanajua ndizi iko wapi. Usiwape chakula hata kama wanakuja kwa upole, tumbili akishazoea kulishwa anaanza kunyang'anya, na siku akimng'ata mtoto wa mtu ndo yeye atakayeonekana mkorofi.

Sasa muda. Mwanza iko magharibi ya Dar kwa hiyo jua letu linachelewa karibu dakika 25, mtu wa Dar akiamka saa kumi na mbili na nusu anashangaa bado giza giza. Lenga kuwa Capri Point mapema kadri boti inavyoruhusu, kutoka mjini kati ni bajaji au boda ya dakika chache, hata kutembea inawezekana ukipita barabara ya kando ya ziwa. Ukifika salimia watu, ukisema mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, utaona nyuso zinavyofunguka, na mwenye boti akishakuchangamkia atakuonyesha vitu ambavyo hukuuliza. Kuvuka ni dakika chache tu, ila vaa laifu jaketi na ifunge kamba zote, usiikalie. Watu wa ziwa hili tumezika ndugu wengi, meli ya MV Bukoba Mei 1996, kivuko cha MV Nyerere Septemba 2018 pale kisiwa cha Ukara, na hicho kivuko kilizamia karibu na nchi kavu. Ufupi wa safari sio sababu ya kuacha jaketi.

Ukishashuka usikimbilie juu. Hapa ndo watu wanapokosea, wanapanda mawe haraka wapate picha ya jiji wakati kitu kizuri kiko chini kwenye yale mawe ya kwanza kwanza. Jua la asubuhi linapoanza kupiga mawe, pimbi wanatoka kwenye nyufa kuota jua, wanalala wamerundikana mmoja juu ya mwenzake, na ukikaa kimya hawakimbii. Mwonyeshe mtoto yule mnyama umwambie ndugu zake wa karibu kati ya walio hai ni tembo na nguva, hatakusahau. Kando yao utaona mijusi, dume ana kichwa na kifua chekundu cha kuelekea waridi na mwili wa bluu, anapiga pushapu juu ya jiwe kuwaambia madume wengine hapa pana mwenyewe. Wanasayansi wanamwita Agama mwanzae, ni mjusi wetu, yuko mpaka kwenye kuta za nyumba za Bugando hapa jijini na hatumwangalii kabisa, ila pale kisiwani ukimwangalia dakika tano utaona ana ratiba kama mtu.

Swala pala wanakuwa kwenye uwazi wenye nyasi, waendee upepo ukikupiga usoni na usiwazungukie. Fisi maji wapo ila ni wagumu, ukimuona shukuru Mungu, kaa kwenye mawe ya pembeni ya maji asubuhi mapema bila kelele ndo nafasi yako. Kenge utamkuta ameanikwa juani, mwache apite. Kwa ndege huhitaji kwenda popote, kaa sehemu moja kivulini yenye mti mkubwa na maji mbele, nusu saa nzima, simu mfukoni. Mnandi wanakausha mabawa kwenye mawe, yangeyange wanatembea pembeni, mdiria mwenye madoa meusi na meupe anasimama hewani huku anapigapiga mabawa afu anajitupa majini kama jiwe, na furukombe yule mwenye kichwa cheupe utamsikia kabla hujamuona. Baada ya hapo sasa panda juu. Ukifika utaona Mwanza yote imepandiana kwenye vilima, nyumba na mawe vimechanganyikana. Wenyeji wa jiji hili ambao hawajawahi kuliona jiji lao kutoka majini ni wengi mno, nawaomba sana mwende.

Saa tano au sita rudini ng'ambo, joto limeshapanda na wanyama wamelala. Kula kando ya ziwa, sato wa kukaanga au wa kuchoma na ugali na kachumbari, agiza ukifika maana samaki anapikwa akishaagizwa na anachukua muda, pumzika hapo hapo mpaka jua lipungue.

Alasiri sasa ndo ya mafunjo. Haya yanaota pembezoni mwa ghuba pale vijito vinapoingia ziwani na kwenye vihori, yaani vighuba vidogo, vilivyotulia, upande wa Luchelele na Malimbe huko nyuma ya chuo cha SAUT ni sehemu nzuri ya kuanzia kuuliza. Nenda mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, muulize mzee wa mwalo kwa heshima zote, mwambie hutaki kuvua unataka kuona mafunjo na ndege, mkubaliane bei na muda kabla hujakanyaga mtumbwi, na kama hana laifu jaketi acha, tafuta mwingine au angalia ukiwa nchi kavu, inatosha kabisa. Mtumbwi uende taratibu kwa kasia, mashine inafukuza kila kitu. Ziwa likianza kuchafuka msivuke ng'ambo yoyote, kaeni kwenye kihori.

Ukiwa pale shika funjo moja bila kulikata, utaona shina lina pembe tatu, sio la duara, na linaweza kupanda mpaka mita nne au tano kabla ya kuchanua kile kichwa cha nyuzi nyuzi. Mizizi inafumana mpaka inakuwa zulia linaloelea, na hilo zulia ndo chujio la ziwa, maji ya mashambani na mitaani yakija na udongo na uchafu yanapunguzwa kasi pale, udongo unatuama, mbolea inanyonywa na mimea kabla haijafika ziwani kulisha magugu maji. Na kuna jambo lingine ambalo mimi linanigusa kuliko yote. Sangara alipandikizwa ziwa hili kuanzia miaka ya 1950, na alipozidi miaka ya 1980 furu wa kila aina walipotea kwa wingi maana aliwala, wale samaki wadogo wa asili ambao wazee wetu walikula utotoni. Ila ndani ya mafunjo hewa kwenye maji ni ndogo, sangara hawezi kuvumilia, na baadhi ya furu wanaweza, kwa hiyo mle ndo walikopona. Kamongo anapumua hewa ya juu kama sisi, kambale naye anajimudu, wote wanaishi mle. Kwa hiyo ukiona mtu anafyeka na kuchoma mafunjo apande mchicha au ajaze kifusi cha kiwanja, jua anabomoa chujio la maji tunayokunywa na maficho ya samaki kwa pamoja. Kukata machache kwa ajili ya mikeka na kuezekea ni kawaida ya tangu zamani na yanaota tena, kinachoua ni moto na kifusi.

Sasa onyo, na hili nalisisitiza hasa kwa wenye watoto. Usiingie miguu peku kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, hata kama watoto wa mwaloni wanaogelea pale wanacheka. Konokono wa kichocho wanapenda sehemu hizo hizo, na kijidudu kinapenya ngozi ndani ya dakika chache, huhisi kitu. Mwambie mwenye mtumbwi ausogeze mpaka kwenye ubao au jiwe upandie hapo, au vaa gambuti. Ukilowa, jifute kwa nguvu na taulo kavu palepale. Na kama uliloa kweli, wiki chache baadaye ukasikia homa, tumbo linauma au unaona damu kwenye choo, nenda hospitali na umwambie daktari kwamba uliingia ziwani, dawa ipo na inafanya kazi, ila asipojua atakutibu malaria na typhoid tu. Viboko na mamba nao wapo sehemu nyingi za ziwa, msikilize mvuvi akisema kihori hiki hatuingii, na usikae pembezoni mwa maji giza likiingia maana kiboko anatoka kula usiku na akikukuta uko kati yake na maji hana masihara. Jua linazama karibu saa moja jioni, kwa hiyo saa kumi na moja na nusu uwe umeshaanza kurudi barabarani, daladala za kwenda mjini zipo.

Wanaotaka simba na nyumbu kwa siku moja, hiyo ni safari nyingine, lango la Ndabaka la Serengeti liko barabara ya Musoma mbele ya Lamadi, kama masaa mawili kwa gari ukipita Magu, na Mei mpaka Julai nyumbu huwa wanapita ukanda ule wa magharibi. Pale lazima gari, kwa hiyo jikusanyeni watu watano sita mgawane gharama na muondoke Mwanza alfajiri. Kisiwa cha Rubondo chenye sokwe na nzohe, swala wa majimaji, msiilazimishe siku moja, ile inataka kulala. Kama una siku mbili, ya kwanza fanya Saanane na mafunjo, ya pili Ndabaka, maana ukianza na Ndabaka utarudi umechoka na vumbi na Saanane utaiahirisha.